Mwaka Tulipoipigia Kura Bahari

Belo la mitumba likifunguliwa hutoa harufu yake, nayo haifanani na nyingine yoyote ninayoijua. Ni harufu ya dawa ya nondo, ya makabati ya watu usiowajua, na ya nguo zilizokaa muda mrefu bila kuona jua. Kila ninapopita soko la Songea asubuhi, wauzaji wakiwa wanakata kamba za mabelo yao, mimi husimama kidogo hata kama sina haja ya blauzi. Wauzaji hudhani nimekuja kuomba kupunguziwa bei. Kumbe mwenzao niko mbali, nina umri wa miaka tisa, na mama ananivisha nguo ya ajabu kando ya jiko la mkaa.

Nikusimulie habari ya nguo hiyo, maana bila yake safari yenyewe isingekuwepo. Miaka ile mambo yalikuwa yamefunguka. Madukani, ambako tulizoea kukuta rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa kulikuwa na sabuni za rangi rangi na biskuti za nje. Watu ambao redio ilikuwa ikiwaita walanguzi, redio hiyo hiyo ikaanza kuwaita wafanyabiashara, na wengine walikuwa ni jirani zetu wale wale. Mitumba nayo ikamwagika sokoni, mchana kweupe, bila mtu kuogopa askari. Mama akarudi siku moja na kivazi kidogo cha buluu, chenye michoro ya samaki, kinachobana mwili, kisichokuwa na mikono wala miguu. Alikigeuza huku na huku, akakivuta kuona kama kinanyumbulika, kisha akatoa uamuzi kwamba wazungu wana akili, maana hii ni singlendi iliyoshonwa pamoja na chupi ili upepo usipite katikati.

Ilikuwa mwezi wa sita, na anayeijua Songea anajua mwezi wa sita ulivyo. Kwa hiyo kivazi kile nilikivaa ndani ya sare ya shule kila asubuhi, na kwa kweli kilinipa joto. Wiki mbili hivi nikaenda nacho shule, nikaenda nacho kanisani, nikapokea nacho mafundisho ya komunyo. Hadi Jumamosi moja baba alipokikuta kwenye kamba ya nguo, akakishika kwa vidole viwili, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mama Otmari," alimwita mama kwa jina la kaka yangu, "hii ni nguo ya baharini. Watu wanavaa wakienda kuogelea."

Mama alisema kama ndivyo, basi waliokuwa wakiivaa walikuwa wakifa kwa baridi. Lakini mimi nilikuwa nimeshalisikia neno, na sikuliachia. Nilitaka kujua bahari iko wapi, na kama nguo ya baharini ninayo, kwa nini mimi mwenyewe siko huko.

Baba alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika. Kazi yake ilikuwa kupokea magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku, na ndiyo maana koti lake lilikuwa na harufu ya tumbaku hata Jumapili. Mwaka ule ghala lilikuwa linazidi kuwa tupu, kwa sababu wanunuzi binafsi walikuwa wakiwafuata wakulima huko huko shambani. Maneno ya kupunguza wafanyakazi yalikuwa yanazunguka. Baba alikuwa amepewa likizo yake pamoja na nauli ya familia, na tulimsikia akimwambia mama kwamba huenda nauli ya namna hiyo isitolewe tena. Likizo ilikuwa moja, na safari ingekuwa moja.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipogawanyika. Baba alitaka twende Mtwara, tukaione bahari. Mama alitaka twende Mbamba Bay, kwenye ziwa, ambako ndiko kwao.

Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Babu yetu mzaa baba, kama Wangoni wengi wa enzi zake, aliwahi kwenda manamba, kukata mkonge Tanga. Alirudi na blanketi, na jeraha la mguuni, na hadithi za bahari. Alimwambia baba yangu akiwa mtoto kwamba kule kuna maji ambayo kila siku huondoka na kuacha mchanga mtupu, kisha hurudi yenyewe bila kuitwa. Baba alikua na hadithi hiyo. Alitusimulia sisi mara nyingi, na kila aliposimulia alisogeza mkono wake juu ya meza taratibu, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, hata chai yake ikapoa.

Mama naye alikuwa na bibi yetu, mama yake mzazi. Bibi alikuwa peke yake kule ziwani, miguu imemvimba, macho yameanza ukungu, hawezi tena kupanda gari hadi Songea. Mdogo wetu Gaudensia, ambaye sote tulimwita Gaude, alikuwa ameshatimiza miaka mitatu na bibi alikuwa hajamtia machoni. Mama hakulisema hilo kila siku. Alilisema mara moja tu, akiwa anachambua mchele: "Nataka mama amwone huyu angali anaona." Kisha akaendelea na mchele wake.

Mbele yetu watoto, hata hivyo, mambo yaliendeshwa kwa utani. Baba alisema Ziwa Nyasa ni bwawa tu lililokosa adabu likajitanua. Mama akajibu kwamba Mngoni na maji wapi na wapi, watu waliozoea kuogea kwenye karai. Baba akasema Mtwara kuna mawimbi, mama akasema hata nyanja ina mawimbi, tena yameshazamisha watu wakubwa kuliko yeye. Mama aliliita ziwa "nyanja" kila alipokuwa na hasira au furaha. Halafu akaleta hoja ya barabara, na hapo alikuwa na haki. Njia ya Mtwara ilipita Tunduru, mchanga na mashimo mwanzo mwisho, basi likikwama mnalala porini, na simba wa Tunduru walikuwa na sifa zao. Na mtoto mwenyewe wa kusafiri naye ni Gaude, ambaye kila safari hutapika gari likifika tu Mshangano, kabla hata mji haujaisha.

"Wewe utambeba huyu hadi Mtwara?" mama aliuliza.

"Atazoea," baba akasema.

"Gari ndilo litakalozoea."

Miaka ile ndiyo pia ya vyama vingi, na baba hakuwa anabanduka kwenye redio. Jioni moja alizima redio, akasimama katikati ya sebule, na kututangazia kwamba nchi imebadilika, na nyumba hii haiwezi kubaki nyuma. Suala la likizo litaamuliwa kwa uchaguzi huru na wa haki. Kila mkazi atapiga kura, Gaude akiwemo.

Kampeni zilichukua siku chache, na sijaona kampeni tamu kama zile. Baba alihutubia. Alipanda juu ya kigoda, akatuahidi mawimbi, meli, madafu, na maji ya chumvi ambayo ukiyachota unaweza kupikia maharage bila kununua chumvi dukani. Mimi na kaka yangu Otmari tulipiga makofi hadi viganja vikawasha. Sisi tulikuwa watu wake. Mama hakuhutubia hata mara moja. Alikaanga usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa nyanya na kitunguu, akatutengea bila kusema neno. Kesho yake akapika vitumbua. Siku hizi tungesema anatoa takrima. Otmari, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja na tumbo la mtu mzima, alikula vitumbua vya upinzani bila aibu, na tangu hapo nikaanza kumtilia shaka. Yeye naye alinitilia shaka mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la bibi, Adela.

Siku ya kura, baba aliweka birika kubwa la chai chumbani, juu ya sanduku. Kila mtu alipewa mbegu mbili, kunde moja na punje moja ya mahindi. Kunde ni Mtwara, mahindi ni Mbamba Bay. Unaingia peke yako, unafunga mlango, unadumbukiza mbegu unayoitaka ndani ya birika, na ile nyingine unaitupa nje dirishani. Chini ya dirisha kulikuwa na kuku wetu, waliodonoa ushahidi wote palepale. Hata leo nikiwaza naona mpango ule ulikuwa mzuri sana.

Niliingia nikadumbukiza kunde yangu. Niliisikia ikigonga chini ya birika. Otmari akaingia, akatoka akiwa amekunja uso kama mbunge. Mama akaingia na kutoka haraka, sufuria ilikuwa motoni. Baba alikaa ndani kidogo. Wa mwisho alikuwa Gaude, ambaye baba alimwelekeza mara tatu, akaitikia mara tatu, akaingia akijivuta na kanga ya mama iliyomzidi.

Kisha birika likaletwa sebuleni na kumiminwa kwenye ungo. Mahindi mawili. Kunde mbili.

Tulihesabu tena, ingawa hakukuwa na cha kuhesabu. Baba alitikisa birika, akachungulia, akaingiza hata kijiko. Wapiga kura ni watano, kura ni nne. Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba katika sisi watu wa bahari, watatu, kuna msaliti, na nilimgeukia Otmari, na yeye wakati huo huo alikuwa ameshanigeukia mimi. Tungepigana palepale, ila Gaude alipiga chafya, akashika pua yake, akaanza kulia.

Kura ya tano ilikuwa puani.

Tulikwenda zahanati sote, kwa miguu, baba amembeba Gaude, mama nyuma yake akimwambia mtoto apumue kwa mdomo, mimi na Otmari tukigombana kwa kunong'ona. Nesi alikuwa mama mnene mwenye haraka zake. Baba akamwambia, "Shikamoo mama. Mtoto ameingiza kitu puani."

"Marahaba. Kitu gani?"

"Hatujui. Yaani, tungependa kujua."

"Mahindi au kunde," Otmari akadakia.

Nesi alitutazama mmoja mmoja. "Kwani kuna tofauti?"

"Kubwa sana, mama," baba akasema. "Kubwa sana."

Akamshikilia Gaude kichwa, nesi akaingia na kibano chake kirefu, Gaude akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika sokoni. Sisi wengine tulikuwa tumesogea karibu mno mpaka nesi akatufokea. Kisha kibano kikatoka, nesi akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa punje ya mahindi, imelowa, nyeupe, safi kabisa.

Mama yangu alipiga vigelegele humo humo zahanatini. Wagonjwa waliokaa kwenye benchi waligeuka, mzee mmoja akauliza nani amejifungua. Otmari alianza kupinga matokeo, akasema kura ya puani si kura, kwa kuwa haikuingia birikani. Baba alimsikiliza kwa makini, kisha akamwambia kwamba mpiga kura ameonyesha nia yake na nia hiyo imeonekana kwa macho ya watu wote. Akampa mama mkono, akainama kidogo, akasema, "Hongera, mheshimiwa." Mama alicheka huku machozi yakimtoka. Mimi nilikasirika sana, kwa sababu niliona baba amekata tamaa upesi mno.

Basi tukaenda ziwani. Sitakuchosha na njia. Gaude alitapika Mbinga, akatapika baada ya Mbinga, akatapika kwenye kona za mteremko, na dereva alikuwa ameshatuzoea akawa anasimama mwenyewe kabla hatujamwomba. Kisha gari lilipinda kona moja na chini yetu kukawa na maji. Yalikuwa ya buluu, yanang'aa, hayana mwisho. Nilimtazama baba nikamwona amesogea mbele kwenye kiti, ameshika chuma kwa mikono miwili.

Tulipofika nilivaa nguo yangu ya samaki nikakimbia moja kwa moja. Kwa macho yangu ile ilikuwa bahari, na nilijiambia wakubwa wametufanyia utani, wametuleta baharini kwa njia ya kuzunguka. Nikachota maji kwa viganja nikanywa. Yalikuwa matamu, kama ya bombani. Nikakaa kwenye mchanga nikalia kwa uchungu. Baba alikuja, akachuchumaa pembeni yangu, naye akachota akaonja. Alikaa na yale maji mdomoni kwa muda kabla ya kumeza. "Hayana chumvi kweli," alisema, akanipangusa uso kwa kofia yake.

Bibi alikuwa amekaa mkekani mbele ya nyumba yake, miguu ameinyoosha. Mama hakuingia kwa heshima ya mtu mzima mwenye watoto watatu. Alitupa mzigo njiani akakimbia. Sikuwahi kumwona mama akikimbia. Alijitupa mapajani mwa bibi, bibi akawa anampapasa kichwa na kumuuliza kwa nini amekonda, kwani huko kwa Wangoni hawali. Kisha akaomba aletewe Gaude. Alimsogeza hadi pua zao zikakaribia kugusana, akamtazama kwa macho yake yenye ukungu, akapitisha kidole kwenye paji la uso wa mtoto.

"Huyu ni wangu," akasema. "Paji hili ni langu."

Wiki zile mama alikuwa mtoto. Aliamrishwa kula, aliamrishwa kulala, alikemewa kwa kuchoma ugali wa muhogo. Alilala mkeka mmoja na bibi, na asubuhi tuliwakuta bado wanaongea Kinyasa chao, wakicheka mambo ambayo hawakututafsiria. Baba, kwa adabu ya mkwe, alikaa mbali kidogo na ukumbi wa bibi, akila na wanaume, na jioni alikwenda kukaa peke yake kwenye jiwe karibu na maji. Mimi na Otmari tulijifunza kuogelea. Tukaacha kuulizana nani msaliti, ila kwa muda tu.

Masika yaliyofuata bibi alifariki. Mvua ilikuwa imekata njia ya mteremkoni, habari ilitufikia kwa kuchelewa, na hata kama ingewahi, hakuna gari lililokuwa likishuka. Mama alilia siku nyingi. Lakini kila mtu aliyekuja kumpa pole, mama alimwambia jambo moja: "Nilimwona. Nilikaa naye. Akamwona na Gaude." Mwaka huo huo chama kilipunguza wafanyakazi, baba akiwemo. Alifungua genge la nafaka pale nyumbani, tukaishi, tukasoma. Likizo ya kulipiwa nauli haikuja tena.

Baba alifariki mwaka juzi. Bahari hakuiona. Siku moja alisikia kwamba barabara ya Tunduru imewekwa lami, akasema kwamba sasa mtu anaweza kunywa chai Songea akalala Mtwara, lakini magoti yake yalikuwa yameshamkatalia hata kwenda kanisani.

Siku ya pili baada ya mazishi, mchana, mimi na Otmari tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria ya msiba. Sisi sasa ni watu wazima, yeye ana mvi. Akaniambia, "Adela, baba hayupo tena. Sema ukweli. Ulipiga mahindi."

Nikamwapia kwa Mungu na kwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa haujakauka kwamba nilipiga kunde. Akanitazama. Akaweka chini sufuria. "Mimi pia kunde," akasema. "Haki ya Mungu, Adela. Vitumbua nilikula, lakini kura niliipiga Mtwara."

Kwa miaka yote ile tulikuwa tunatafuta msaliti kati ya watu wawili, wakati watu wa bahari tulikuwa watatu. Hatukuwahi kumfikiria yule aliyepanda juu ya kigoda kutuahidi mawimbi. Nilikaa juu ya ndoo, nikalia kilio ambacho siku ya mazishi kilikuwa hakijatoka. Mtu aliyeitaka bahari katika nyumba ile alikuwa ni yeye. Sisi tulikuwa tunataka tu kile alichotufundisha kukitaka.

Naye angeweza kusema tu, haya mke wangu, twende kwenu. Angekuwa na haki ya kusema hivyo, na mama angemshukuru. Nadhani hiyo shukrani ndiyo aliyokuwa anaikwepa. Mama angekwenda kwa mama yake akijua kwamba amemnyang'anya mumewe safari ya maisha yake, na sisi watoto tungemnunia njia nzima. Badala yake alikwenda akiwa mshindi, kichwa juu, hana deni kwa mtu.

Otmari alifuta mikono, tukaingia ndani. Mama alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake waliokuja kumfariji, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze alikuwa anacheka. Alikuwa anawasimulia habari za birika. Alifika pale pa nesi na kibano, wanawake wakaangua kicheko huku wakijifuta machozi kwa kanga.

"Nilimshinda mzee yule kwa kura," mama alisema, "na alikubali matokeo. Waulizeni hawa, walikuwepo."

Wanawake wakatugeukia. Otmari alinitazama, nami nikamtazama.

"Ni kweli, Mama," nikasema. "Ulimshinda."